Tukimaliza Kuimba

Maneno ya Katibu wa Kwaya kwa wanakwaya, katika kesha la maandalizi ya Jubilii ya miaka 25. Yamechapwa hapa kwa ombi la kamati.

 



Mimi mmenizoea kwa matangazo. Nikisimama mnajua ni michango, au ni sare, au ni kuuliza nani hajarudisha kayamba. Leo nimepewa somo la maombi. Nilipojaribu kulikwepa mwenyekiti akaniambia, "Mwalimu, wewe una diploma, huwezi kukosa la kusema." Diploma yangu ni ya ualimu wa shule ya msingi. Ya kuomba sina. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona mwenyewe, na pale nitakapokosea Baba Mchungaji yupo, atanirekebisha.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitafuta historia ya kwaya kwa ajili ya kijitabu hiki, nilisoma vitabu vyetu vya kumbukumbu za mikutano tangu cha kwanza. Viko vinne. Kimoja mchwa wamekula pembeni, kingine kiliingia maji ya mafuriko na kurasa zimeshikana. Katika kila mkutano, nambari ya kwanza ni ile ile: "Mkutano ulifunguliwa kwa maombi." Na mwishoni: "Hapakuwa na shughuli nyingine, mkutano ulifungwa kwa maombi." Hapo katikati tumeandika kila kitu. Kitambaa cha sare kilikuwa shilingi ngapi kwa mita. Nani alikosa mazoezi mara tatu mfululizo. Tuligombana nini juu ya jenereta, na jamani, juu ya jenereta tuligombana! Lakini maombi yenyewe hayana hata nusu mstari.

Najua kumbukumbu haziandikwi hivyo. Hata hivyo nilijiuliza: katika maombi yote ambayo mkono wangu umeyaandika kuwa yalifanyika, nakumbuka lipi? Ukweli ni kwamba mkifumba macho kuomba, katibu wenu huwa anaandika majina ya waliohudhuria. Jicho moja limefumba, jingine linahesabu akidi. Miaka yote hii nimeshuhudia maombi mengi sana, na mengi kati ya hayo mimi mwenyewe sikuomba.

Na sisi ni watu wa kanisa la zamani. Injili ilipanda mto huu kabla reli haijafika Nairobi. Wamethodisti walikuwa Golbanti, na mwaka 1886 Mchungaji John Houghton na mkewe Annie waliuawa pale pale. Ngao wakaja Wajerumani wa misheni ya Neukirchen. Wengi wetu hapa tumezaliwa tukakuta nyumba inaomba, tukajifunza kusema Amina kabla ya kujifunza kufunga vifungo vya shati. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mnajua mto wetu huhama. Unaweza kurithi shamba la babu yako, miembe ipo, mipaka ipo, wazee wanaijua, ila maji yalishaondoka, yanapita kwingine. Ndivyo yanavyoweza kuwa maombi ya mtu aliyeyarithi tu.

Niwaeleze kwa mfano wa darasani. Katika insha ninafundisha barua za aina mbili. Barua rasmi ina anwani mbili, ya anayeandika na ya anayeandikiwa. Ina tarehe, ina maamkizi yake, halafu kichwa kinachoanza na MINT kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari. Mwanafunzi akiacha kimojawapo namkata alama. Barua ya kirafiki ina anwani moja tu, ya yule anayeandika. Ya pili haihitajiki, kwa sababu anayeandikiwa anajulikana.

Sasa sikilizeni maombi yetu. Tunaanza na anwani ndefu: Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, muumba wa mbingu na nchi. Tunapanga vyeo vyake vyote. Kisha tunafika kwenye MINT: ombi la mvua, ombi la gari la kutupeleka Malindi. Kisha tunafunga kwa maneno tunayoyajua. Sisemi ni makosa. Anayeomba mbele ya kusanyiko anaombea watu wengi, na heshima ina mahali pake. (Ingawa wengine wetu tukishika maikrofoni hata sauti hubadilika. Mtu wa Garsen kabisa, ghafla anaongea kama mhubiri wa redioni.) Lakini ukifika nyumbani, mlango umefungwa, watoto wamelala, taa umeizima, na bado unamwandikia Mungu barua rasmi, basi mjue bado hamjazoeana.

Hana, mama yake Samweli, hakuandika barua rasmi. Tunasoma katika Samweli wa Kwanza kwamba aliomba moyoni, midomo ikicheza na sauti isisikike, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mimi kama mwanakwaya habari hiyo hunipa shida kidogo. Sisi sauti ndiyo kazi yetu. Tunapimwa kwa sauti, tunapangwa kwa sauti, tukikohoa wiki moja tunahisi hatuna cha kumtolea Mungu. Na hapa kuna mama ambaye sauti yake haikusikika na yeyote hekaluni, akasikiwa.

Jambo lingine ni la kwetu kabisa. Watu wa Tana tunajivunia, na tuna haki, kwamba sauti ya Wimbo wa Taifa la Kenya ilitoka kwetu. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano ilipotafuta wimbo wa nchi mpya, ilichukua tuni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto. Maneno yakaandikwa mapya, na maneno yale ni maombi. Tangu mwanzo anayesemeshwa ni Mungu. Kila Jumatatu na Ijumaa mimi husimama uwanjani na wanafunzi wakiuimba, bendera ikipanda. Watoto wote wale wanamwomba Mungu haki na amani, na wakati huo huo mmoja anamkanyaga mwenzake mguu, mwingine anatazama punda anayekatiza uwanjani, na mimi mwalimu wao naangalia nani hajachomekea shati. Maombi yamesemwa. Aliyeomba ni nani?

Huwa namfikiria mama wa Kipokomo aliyekuwa akiimba tuni ile kabla Nairobi haijaisikia. Hakuwa na jukwaa wala mpiga kinanda. Alikuwa na giza, mbu, na mtoto anayelia. Hakuna aliyempigia makofi. Aliimba kwa sababu alimjua aliyekuwa mikononi mwake na alitaka atulie. Tuni ni ile ile. Mmoja anaiimba kwa kumwelekea mtu, mwingine anaiimba kwa sababu kengele imelia.

Kuna mstari mmoja katika Injili ambao nadhani kila mwanakwaya angepaswa kuujua mahali ulipo. Ni Mathayo 26, mstari wa 30. Baada ya chakula cha mwisho, Yesu na wanafunzi wake waliimba, kisha wakatoka kwenda Mlima wa Mizeituni. Waliimba pamoja, na naamini waliimba vizuri, maana zilikuwa nyimbo walizozijua tangu utotoni. Kisha wakafika Gethsemane, Yesu akawachukua watatu karibu naye, akawaomba wakeshe. Wakalala. Aliporudi mara ya pili wamelala, mara ya tatu wamelala. Kwaya nzima iliyotoka kuimba usiku ule ule, sasa mmoja tu ndiye yuko macho.

Na huyo mmoja aliomba namna gani? Marko anatuambia alimwita Mungu "Aba", neno la nyumbani la Kiaramu, la mtoto kwa baba yake. Alisema wazi kwamba kikombe kile hakitaki. Mathayo anasema alirudia maneno yale yale mara ya tatu. Mwana wa Mungu hakutafuta maneno mapya ya kupamba. Alikuwa na jambo moja, linamuuma, akalisema, akalirudia, akamwachia Baba yake.

Sisi huwa tunaishia kwenye mstari wa 30. Tukimaliza kuimba tunakunja sare, tunatafuta pikipiki, tunaulizana tumeimbaje. Naomba tuulizane usiku huu kinachofuata.

Sasa nije kwangu, maana kama ningewasemea ninyi tu ningekuwa nimewadanganya.

Mwaka 2012 mnaukumbuka. Kati ya Agosti mwaka ule na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa huku kwetu kwenye delta, wakulima na wafugaji, na watoto waliokuwa si wakulima bado wala wafugaji. Sitataja kijiji, kwa sababu vina makaburi pande zote mbili. Nyumba yetu ilipoteza mtu mmoja: mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ndiye aliyenilipia karo ya sekondari. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza ualimu. Alikuwa ameniahidi kuja kuniona siku nitakapovishwa joho.

Kulikuwa na mama mmoja, Mworma, aliyetuletea maziwa tangu nikiwa mtoto mdogo. Alifika asubuhi na kidumu chake, akapiga hodi, akaniita kwa jina la utani ambalo sitalisema hapa maana vijana mtalishika. Tukikosa pesa aliweka deni kichwani na hakuwahi kukosea hesabu. Baada ya vita vile hakuja tena. Baadaye nikasikia naye alizika mwanawe.

Kwaya yetu ikaitwa kuimba kwenye mikutano ya amani. Mnakumbuka tulivyoimba, watu wakalia, wazee wa pande zote wakasimama. Mimi niliimba upatanisho kwa sauti ya kwanza, noti ya juu kabisa, huku nikijua kwamba mama yule akipita mbele yangu sitamsalimia. Na sikumsalimia. Miaka kumi na moja tulipishana sokoni Garsen, yeye akitazama mbele, mimi nikitazama nyanya.

Kosa langu kubwa zaidi ni hili: sikuwahi kumwambia Mungu. Msidhani nilikuwa siombi. Niliomba kila siku! Niliomba kazi, nikaombea ndoa yangu, nikaombea mtoto alipokuwa na malaria, nikaombea macho ya mama yangu. Juu ya jambo hilo moja nilinyamaza, kwa sababu nilihofia atakachoniambia. Mnajua mnavyoweza kumtembelea mtu, mkaongea habari zote za mji ila ile moja iliyokaa katikati yenu kama kigoda. Mnaagana vizuri. Unatoka ukijua hamkuongea.

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Nino zikaja na mto ukatutoa nyumbani. Tulihamia kwenye mwinuko, tukakaa chini ya maturubai. Maji hayaulizi mtu kabila. Turubai la tatu kutoka letu lilikuwa la nyumba ya mama yule.

Usiku wa nne mbu hawakuniacha nilale. Karibu na alfajiri nilitoka nje, nikamwona. Alikuwa ametandaza mkeka, ameshaswali, sasa amekaa ameinua mikono anaomba dua. Alikaa vile muda mrefu. Nilisimama gizani nikajiuliza, anamwambia Mungu nini juu yetu? Anatutaja? Anamtaja nani aliyemuua mwanawe? Na mimi, mbona sijawahi kumtaja yeye hata siku moja?

Nikarudi chini ya turubai, nikajifunika leso gubigubi, nikaomba ombi baya kuliko yote niliyowahi kuomba. Nilimwambia Mungu: simpendi huyu mama. Sitaki kumpenda. Mjomba hakurudi nyumbani na wewe uliona. Nimechoka kuimba amani. Sikufunga kwa jina la Yesu, nilisahau. Nililia mpaka mtoto akaamka akaniuliza kama maji yamefika.

Sitawaambia nilisikia sauti, maana sikusikia. Sikuota ndoto, sikufunguliwa andiko. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu 2012 nilikuwa nimemwambia Mungu lile lililokuwa moyoni mwangu kweli, na hakunifukuza. Nilikaa pale nikamhisi karibu kuliko siku zote nilizomwimbia. Niliogopa kidogo. Nilikuwa nimezoea Mungu wa jukwaani.

Kulipokucha tukakutana kwenye foleni ya maji, yeye mbele yangu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akageuka, akanitazama, akaitika, "Marahaba." Kisha akauliza, "Mama yako mzima?" Nikasema mzima. Basi. Akajaza kidumu chake akaenda.

Nawaambia hivyo ilivyo kwa sababu ushuhuda mwingine tunaoutoa kanisani huisha vizuri mno mpaka mwenye shida anazidi kukata tamaa. Sisi bado hatujakaa kunywa chai pamoja. Maziwa hajaleta. Habari ya mjomba na ya mwanawe hatujaigusa. Tunasalimiana sokoni, na mwezi wa Ramadhani nilimpelekea maembe kwa mkono wa mtoto. Kila alfajiri namtaja mbele za Mungu. Kuna siku namwombea kwa moyo, na kuna siku nataja jina lake tu kama ninavyoita rejista darasani. Zote mbili namwambia Mungu ni siku gani.

Mtu ataniuliza, utaombea wapi? Yesu alisema uingie chumbani ufunge mlango, na wengi wetu nyumba ni vyumba viwili na watu wanane. Kijana mmoja wetu wa besi aliniambia yeye huomba akiwa juu ya pikipiki akisubiri abiria pale Minjila, helmeti kichwani, hakuna anayejua. Mama mmoja wa alto huomba akipepeta mpunga. Hicho ndicho chumba chake. Wewe unakijua chako, au utakitafuta.

Na asiyejua aanze na nini, asome Zaburi ya 13. Ni fupi. Daudi anamuuliza Mungu mara nne itakuwa hivi hadi lini. Tumezoea kumwimbia Mungu zaburi za shukrani, na sherehe hii tutaziimba, mwalimu ametupangia nzuri sana. Lakini mwenye hasira na Mungu asikae nje akisubiri hasira iishe ndipo aingie. Daudi aliingia nayo. Mwenye deni, mwenye mume asiyerudi, aliyeachwa na mchumba akiwa ameshanunua sahani, aliyepoteza mimba na hakumwambia mtu, kila mmoja ana kigoda chake katikati yake na Mungu. Alijua kipo kabla hujakaa.

Nilikuwa na mengine nimeyaandika hapa lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na mimi ndiye huwa nawaonyesha wengine, kwa hiyo natii.

Tumekubaliana na Baba Mchungaji hivi. Kabla ya kuendelea na mazoezi tutatoka nje nusu saa. Uwanja ni mkubwa, kila mtu atafute mahali pake peke yake. Asiimbe mtu. Asimwongoze mwenzake kuomba. Simu mtaziweka kwenye kikapu cha mweka hazina, naye pia aweke yake. Ukilala, usiogope, hutakuwa wa kwanza. Kengele ikilia tutarudi kwa chai, kisha tuanze na ule wimbo wa kuingilia, ambao tena tena bado wanauchelewesha.

Mimi daftari la kumbukumbu nimeliacha nyumbani.